Namna ya kujikagua wewe unayesema "mimi naongea kwa takwimu tu"

Mwongozo huu nimemwandikia mtoto wa kaka yangu na wenzake wanaokutana kila Jumamosi kunywa supu na kurekebisha nchi. Ni vijana ninaowapenda. Wamesoma, wanapenda namba, na hawakubali jambo eti kwa sababu limesemwa na shekhe, mchungaji au mbunge. Ukiwaletea habari za dawa inayotibu magonjwa yote wanakuuliza ushahidi uko wapi, na wanafanya vyema. Lakini mada ikigeukia kwa nini binti wa shule ya kata hafiki chuo kikuu, au kwa nini mbeba mizigo wa sokoni hapigi hatua, wapenda ushahidi hao wanatoweka palepale, na viti vyao vinakaliwa na watu wenye majibu ya mfukoni. Hawajitumi. Wanazaa ovyo. Wanawake wenyewe hawapendi hesabu. Ukiwabana unajibiwa kwa utulivu kabisa: "Shangazi, mimi sina hisia na jambo hili. Naongea kwa takwimu tu."

Kazi yangu ni ukaguzi wa ndani, hapa Mwanza, na muda wangu mwingi umekwenda kwenye vyama vya akiba na mikopo. Mhasibu akiniambia vitabu vyake havina haja ya kuangaliwa kwa kuwa yeye ni mwaminifu, huyo ndiye ninayeanza na kabati lake. Si kwamba ninamwona mwizi. Ni kwamba hakuna mtu anayejiandikia hati safi, ile kauli ya mkaguzi kwamba vitabu viko sawa. Hatua zilizo hapa chini nimezitoa kwenye kazi hiyo, na zinahitaji daftari, kalamu na saa chache.

Usianze kwa kujitafuta moyoni

Msomi akiambiwa ana upendeleo, jambo la kwanza ni kutulia, kujipekua ndani, na kurudi na taarifa kwamba hakukuta kitu. Wala hadanganyi. Hakukuta kitu kwa sababu upendeleo hauhisiki kama upendeleo. Ukiwa ndani yake unahisi kama akili timamu.

Mwaka 2002 mwanasaikolojia Emily Pronin na wenzake wawili walichapisha utafiti wao kuhusu jambo hili huko Marekani. Waliwaeleza watu aina mbalimbali za upendeleo wa fikra, kisha wakawauliza: wewe unao kiasi gani, na Mmarekani wa kawaida anao kiasi gani? Watu walijiona wana nafuu. Katika sehemu nyingine ya utafiti, watu waliokuwa wamejipa sifa kuliko wenzao walielezwa waziwazi kwamba binadamu ana mazoea ya kujipandisha anapojipima. Wengi walishikilia kwamba alama walizojipa ni sahihi, na wapo waliosema wamejishusha mno.

Utasema hao ni watu wa kawaida, mimi nimesoma. Mwaka 2012 Richard West, Russell Meserve na Keith Stanovich waliangalia hilohilo: je, wenye uwezo mkubwa wa kufikiri wana nafuu ya upofu huu? Hawana. Kama kuna tofauti yoyote, upofu wao ulizidi kidogo. Nyani haoni kundule, wahenga walishamaliza. Watafiti wameongeza tu kwamba nyani mwenye shahada naye haoni, tena anaweza kukuandalia jedwali la kuthibitisha kwamba hana.

Kwa hiyo acha moyo, shika karatasi.

Andika dai, na chini yake andika kitakacholivunja

Chukua neno moja unalopenda kulisema kuhusu walio nacho na wasio nacho. Nitatumia hili, maana nalisikia kila TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, wakilipa: ukimpa maskini pesa mkononi, anakwenda kunywa. Liandike liweze kupimika: kaya maskini zikipewa fedha taslimu, matumizi yao ya pombe na tumbaku yatapanda. Weka tarehe. Chini yake jaza sentensi hii: "Nitaliacha dai hili nikionyeshwa kwamba…" Usipoweza kuijaza, simama hapohapo. Unachokishikilia si hitimisho la takwimu, na hakuna takwimu itakayokitoa.

Ukishaijaza, nenda katafute. Utakutana na Rarieda, kaunti ya Siaya, magharibi mwa Kenya, ambako shirika la GiveDirectly liligawa fedha bila masharti kupitia M-Pesa, na kaya za kupokea zikachaguliwa kwa bahati nasibu ili kuwe na za kulinganisha nazo. Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walichapisha matokeo mwaka 2016: chakula kiliongezeka, mifugo na mali nyingine za nyumbani ziliongezeka, pombe na tumbaku hazikuongezeka. David Evans na Anna Popova nao walikusanya tafiti za namna hiyo kutoka Amerika ya Kusini, Afrika na Asia, wakachapisha mwaka 2017. Kwa ujumla, matumizi ya pombe na tumbaku hayakupanda.

Sasa jiangalie ulivyopokea aya hiyo. Kama wazo la kwanza lilikuwa "waliulizwa, wakadanganya", ni swali halali na mkaguzi yeyote angeliuliza. Hoja yangu ni nyingine. Jirani alipokusimulia kuhusu mzee mmoja aliyelewa siku ya malipo ya TASAF, ulimuuliza sampuli yake ilikuwa watu wangapi?

Hesabu maswali unayouliza kila upande

Hapa ndipo wapenda mantiki wengi wanapokamatwa, na ni rahisi kujikamata mwenyewe. Tafuta ushahidi wa aina mbili, mmoja unaokufurahisha na mmoja unaokukera. Gawanya ukurasa wa daftari katikati. Kila kasoro unayoitafuta upande mmoja iandike pia upande wa pili: sampuli ilikuwa kubwa kiasi gani, nani alilinganishwa na nani, nani aligharamia, limerudiwa?

Mfano ninaoupenda ni lile jaribio la pipi, kwa sababu mtoto wa kaka yangu analitaja kama aya ya kitabu kitakatifu. Mtoto anawekewa kitu kitamu mezani na kuambiwa akisubiri atapewa viwili. Walter Mischel alilifanya katika shule ya awali ya Chuo Kikuu cha Stanford, na waliosubiri walipofuatiliwa baadaye walionekana kufanya vizuri shuleni. Kutoka hapo watu wakajijengea ngazi yao: anayesubiri hufanikiwa, maskini hajafanikiwa, basi maskini hajui kusubiri.

Upande wa kulia wa ukurasa wako uwe na maswali haya. Wale walikuwa watoto wa nani? Wengi walitoka kwenye jamii ya chuo kikuu chenyewe. Limerudiwa? Ndiyo. Mwaka 2018 Tyler Watts, Greg Duncan na Haonan Quan walichapisha uchambuzi wa watoto zaidi ya 900, wakiweka mkazo kwa ambao mama zao hawakumaliza chuo. Uhusiano kati ya kusubiri na mafanikio ulishuka hadi kama nusu ya ule wa awali, na hali ya familia ilipoingizwa kwenye hesabu, sehemu kubwa ya kilichobaki nayo ikayeyuka.

Lipo na la tatu. Celeste Kidd na wenzake, Chuo Kikuu cha Rochester, mwaka 2013, kabla ya jaribio lenyewe walimwahidi kila mtoto vifaa bora vya kuchorea. Watoto wa kundi moja waliletewa. Wa kundi la pili, mtu mzima alirudi mikono mitupu akaomba radhi, vifaa havipo. Kisha ndipo kitamu kikawekwa mezani. Waliotimiziwa ahadi walisubiri wastani wa dakika 12. Walioangushwa, kama dakika 3. (Watoto walikuwa 28 tu. Ninakuandikia hili kwa sababu jaribio hili linanifurahisha, na sheria ya ukurasa uliogawanywa inanihusu na mimi.)

Nenda soko la Mwaloni Kirumba asubuhi, simama karibu na wanaoshusha magunia ya dagaa. Sikiliza mwisho wa kazi. "Bosi, hela yangu." "Njoo kesho, sijauza." Kesho bosi yuko Musoma, simu haipokelewi. Yule kijana akilipwa siku ile ile hesabu yake inaishia jioni: chakula, deni la mangi, vocha, na kilichobaki anampa mama watoto kabla hakijaombwa na mtu mwingine. Mtazamaji mwenye mshahara wa tarehe 25 anaandika: hana nidhamu ya kuweka akiba. Mimi nimeona vitabu vya akiba vya watu wa namna hiyo walipopata chama kinachorudisha hela siku iliyoahidiwa. Wanaweka. Kidogo kidogo, kwa wiki, lakini wanaweka.

Vigezo vitangulie majina

Chama kimoja, jina nitaliacha, kiliajiri afisa mikopo kwa nyakati mbili tofauti. Sikuwa kwenye paneli. Nililetewa mafaili baadaye, kama ilivyo kawaida. Katika usaili wa kwanza walibaki wawili: mwanaume asiye na shahada aliyezunguka kwa pikipiki akikusanya marejesho huko Magu na Sengerema, na mwanamke mwenye shahada ya uhasibu. Muhtasari wa kikao unasema: "Paneli iliona kazi hii inahitaji mtu wa fildi zaidi kuliko mtu wa vyeti." Akachukuliwa mwanaume.

Usaili wa pili, walibaki mwanaume aliyetoka chuoni na shahada yake mpya, na mwanamke aliyesimamia vikundi vya VICOBA, vile vya kuweka na kukopa mtaani, hadi marejesho yake yakawa mfano. Muhtasari: "Paneli iliona chama sasa kinahitaji weledi wa kitaaluma, uzoefu utapatikana kazini." Akachukuliwa mwanaume. Mwenyekiti wa paneli yule yule, maelezo ya kazi yale yale, hata nukta hazijabadilika.

Niliiweka mihtasari hiyo miwili ubavu kwa ubavu mezani kwa mwenyekiti. Aliisoma ya kwanza, akaisoma ya pili, akavua miwani. "Mama, sisi hapa hatuangalii jinsia, tunaangalia sifa." Alisema kwa dhati. Nilimwamini wakati ule na ninamwamini hata leo. Shida haikuwa kwamba sifa hazikuangaliwa. Ziliangaliwa baada ya kujua ni za nani.

Eric Uhlmann na Geoffrey Cohen walilipima jambo hili na kuchapisha mwaka 2005. Watu waliombwa kumpima mwombaji wa kazi ya mkuu wa polisi, mwanaume au mwanamke. Wengine waliletewa mwenye uzoefu wa mitaani, wengine mwenye elimu ya darasani. Elimu ilionekana muhimu zaidi pale mwanaume alipokuwa nayo. Na waliojiona hawana upendeleo kabisa ndio walioegemea zaidi. Ila walipotakiwa kutaja vigezo kabla ya kumjua mwombaji, upendeleo ule ulitoweka.

Hilo la mwisho ndilo la kunakili. Kabla hujafungua barua hata moja ya maombi, andikeni vigezo na uzito wa kila kimoja, mtie saini, mfunge kwenye bahasha. Ukitaka kubadili kigezo katikati, ruhusa unayo, lakini iandikwe ni nani alibadili, saa ngapi, na mwombaji gani alikuwa ametoka chumbani. Utashangaa hamu ya kubadili inavyopungua.

Kwenye maoni ya kijiweni fanya vivyo hivyo. Kabla ya kusema nani alistahili nini, sema kinachomfanya mtu astahili ni kipi, halafu majina yafuate. Na wanawake wasidhani haya ni ya wanaume tu. Mwaka 2012 Corinne Moss-Racusin na wenzake waliwapelekea wahadhiri 127 wa sayansi, Marekani, maombi yaleyale ya kazi ya msimamizi wa maabara, mengine yakiwa na jina John, mengine Jennifer. John alipendekezewa mshahara wa wastani wa zaidi ya dola 30,000 kwa mwaka, Jennifer kama dola 26,500. Wahadhiri wanawake walimpunja Jennifer sawa na wanaume.

Pima kwa kipimo cha mwenzako

Hatua hii ni fupi. Ukisikia unasema "hawajui kupanga matumizi", geuza bei ya kitu unachonunua wewe iwe kwa kipimo anachonunulia yeye. Bili ya maji ya nyumbani kwako inahesabu uniti, na uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Panda Bugarika au Mabatini, kule juu kwenye mawe, uliza dumu linauzwaje likishabebwa mpaka mlangoni. Tuseme umeambiwa shilingi 200. Uniti yake ni shilingi 10,000. Sasa itoe bili yako utazame unalipa ngapi. Rudia zoezi na mafuta ya kula ya kupima, na sabuni ya kipande. Halafu rudi uandike upya ile sentensi ya kupanga matumizi.

Andika salio la mwanzo

Hakuna mkaguzi anayesoma mapato ya mwaka bila kuuliza mwaka ulianza na nini. Lakini tukisimulia tulikotoka, wengi tunaanzia ukurasa wa pili: nilisoma kwa bidii, nilijinyima, nikafika.

Fungua ukurasa wenye kichwa "Salio la mwanzo" uorodheshe ulivyokuwa navyo kabla bidii yako haijaanza. Vijana wangu hawa karibu wote walipita shule za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza. Hilo peke yake ni mstari wa kwanza. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali ya kawaida husoma miaka saba kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza, na ghafla Biolojia, Kemia na Jiografia zote ni Kiingereza, hadi mtihani wa kidato cha nne. Mwenzake anajifunza usanisinuru. Yeye anajifunza usanisinuru na lugha inayouelezea, mara nyingi kwa mwalimu mwenye darasa lililofurika. Kisha matokeo ya NECTA, Baraza la Mitihani, yanatoka, na kijana wa kwangu anayaita kipimo cha akili.

Tangu Januari 2016 ada imefutwa hadi kidato cha nne, na hoja hiyo huletwa mbele yangu kama kufuli: bure, sasa kisingizio ni nini? Kwenye daftari liandike, ni mapato halali. Upande wa pili andika sare, daftari, nauli au mwendo wa miguu, taa ya kusomea, na nani anachota maji familia ikirudi jioni. Mwanzoni mwa 2023 NECTA walipoacha kutangaza shule kumi bora, mezani pale supu ilipoa kwa mabishano. Nilipouliza orodha ile ilikuwa inapima shule au inapima wanafunzi waliochujwa kabla ya kuingia, nilijibiwa kwamba nachanganya mambo. Nadhani nilikuwa nayachambua, lakini nimeacha.

Mstari wa bidii usiufute. Bidii yako ilikuwepo. Kinachotakiwa ni urari, pande zote mbili za daftari zionekane.

Zipo pia hesabu za upande wangu, ninazozijua kwa sababu ninazibeba. Mtu wa huruma naye hutafuta kasoro upande mmoja: kila aliyekwama amekwamishwa, kila aliyefika amebebwa. Mpitishe kwenye ukurasa uleule uliogawanywa. Na ukigundua mtu ana upendeleo, dai lake halijawa uongo kwa sababu hiyo. Limekuwa dai ambalo halijakaguliwa.

Mpe mtu mwingine daftari

Usimpe rafiki mnayekubaliana, atakupa hati safi kabla ya kumaliza supu. Usimpe pia adui. Utatumia nguvu zote kumjibu yeye badala ya hoja. Mpe mtu anayeelewa namba na ambaye sentensi yako inamhusu: kama umeandika juu ya wanawake na hesabu, mpe mwalimu wa kike wa hesabu, kama ni shule za kata, mpe aliyesoma huko. Mwombe aweke alama pale ulipotumia neno "wao" bila kusema ni akina nani, na pale ambapo mfano mmoja umebeba kazi ya utafiti mzima. Akiwa anaongea, andika. Usijibu siku hiyo.

Kisha jibu kwa maandishi, hoja kwa hoja, kama menejimenti inavyomjibu mkaguzi. Majibu yanayopokelewa ni matatu. Nimekubali, nimebadilisha, sentensi mpya hii hapa. Nimekubali kuna mashaka, natafuta ushahidi, nitarudi tarehe fulani. Sikubali, na ushahidi wangu ni huu. "Mimi sina upendeleo" halimo kwenye orodha. Likiletwa, hoja inabaki wazi na daftari linarudishwa kwa mwenyewe.